Maradhi ya Kusahau, na Haki ya Aliyepatwa Nayo

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), tumeulizwa katika darasa letu la baina ya Maghribi na Isha masuala matatu kwa wiki moja, na yote matatu, tulipoyapima, yalikuwa ni suala moja. Wa kwanza aliuliza juu ya babake, mzee wa miaka themanini, ambaye husali Adhuhuri mara tatu au mara nne, kisha akalalamika kuwa wanawe wamemzuia kusali. Wa pili aliuliza kama yafaa kumpeleka mamake kwa mganga, kwani kila jua likikaribia kutua yule mama hupiga kelele na kutaka kutoka nyumbani. Wa tatu ni kijana aliyetaka kujua kama ni sahihi hati ya nyumba aliyoitia babu yake dole gumba, hali babu hajui leo ni siku gani wala yule aliyemshika mkono ni nani.

Nami niliposikia masuala haya nalinyamaza kitambo, si kwa kukosa jawabu, bali kwa kuwa jawabu nalilipata nyumbani kwetu kabla sijalitafuta vitabuni, na nalilipata kwa kukosea. Kwa hivyo nitawaeleza wasomaji kwanza habari za shangazi yangu, Mungu amrehemu, kisha ndipo niingie katika hukumu.

Shangazi alizaliwa Amu, mtaa wa Langoni, akaolewa Mombasa, akakaa Kibokoni hata alipokufa. Mama yangu alipofariki mimi nalikuwa mtoto wa miaka minne. Shangazi alinichukua akanilea pamoja na wanawe watano, wala sikupata kuona tofauti baina ya kipande changu cha mkate na vipande vya wanawe. Barazani kwake alikuwa na chuo kidogo. Watoto wa mtaa walikuja asubuhi na jioni, naye akiwasomesha Juzuu Amma. Bakora hakuwa nayo. Mtoto aliyekosea alimvuta karibu akamsomea tena na tena, na aliyehifadhi sura alipewa hamri ya moto, iliyotoka karaini wakati ule ule. Neno lake la kwanza kwa kila aingiaye, awe jamaa, awe mchuuzi wa samaki, awe mtu asiyemjua kabisa aliyekuja kuuliza njia, lilikuwa ni hili: "Ushakula?" Na asiyejibu upesi alisogezewa sahani. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwa mzaha kuwa nyumba ile ni ya watu wote ila yeye mwenye kulipa kodi.

Mwanzo wa maradhi yake ulikuwa Ramadhani ya mwaka 2013, nao ulikuwa ni kichekesho tu. Aliutia mchuzi chumvi mara tatu. Tukacheka, naye akacheka kuliko sisi. Mwaka uliofuata akawa anasimulia kisa kimoja mara mbili katika kikao kimoja. Kisha ikawa siku moja ametoka sokoni Marikiti kurudi nyumbani, njia aliyoipita kwa miaka hamsini, asionekane hata baada ya Alasiri. Tulimkuta ameketi chini ya mti karibu na Ngome, kikapu mkononi, samaki wameharibika, naye anawauliza wapitao kama jahazi la Amu limekwisha kung'oa nanga. Baada ya hapo akamtuhumu mtumishi wa nyumba kuwa amemwibia vikuku vyake vya dhahabu. Yule binti aliapa na kulia, na jirani wakaanza kusema. Vikuku vilionekana baada ya siku tisa ndani ya pipa la mchele, alikovificha yeye mwenyewe asivichukue mwizi.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka 2016 nalikuwa nimeketi barazani na wanafunzi na wageni wawili wenye heshima zao, tukidurusu. Shangazi akatoka ndani kichwa wazi, kanga imemponyoka begani, akasimama mbele yetu akaniuliza mimi ni nani na nafanya nini kwake. Haya ilinishika mbele ya wageni, na badala ya kuinuka na kumsitiri, nikamkaripia kwa sauti kubwa kama mtu akaripiavyo mtoto mtukutu. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akasema, "Niwie radhi, bwana, sikujua kuwa nyumba ina wenyewe." Mimi ndimi niliyelala kifuani mwake, naye aniita bwana na kuniomba radhi katika nyumba yake mwenyewe! Usiku ule alikuwa amekwisha sahau kisa chote, lakini kila niliposogea karibu yake alivuta kanga yake na kujikunja. Siku tatu alikuwa hivyo. Sikufahamu sababu yake hata baadaye, nayo nitaieleza mahali pake.

Yafaa kujua kwanza maradhi haya ni kitu gani, kwa maana wengi katika watu wetu huyaita wazimu, au ukongwe tu, au husema "amerudi utotoni" na wakatosheka na hayo. Wako na wasemao maneno mabaya zaidi, kuwa hiyo ni adhabu ya dhambi za ujanani, na hawa wamejitwalia elimu ya ghaibu wasiyopewa.

Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt nchi ya Ujerumani, daktari aitwaye Alois Alzheimer aliletewa mwanamke wa miaka 51, jina lake Auguste Deter, ambaye mumewe alikuwa ameshindwa kumtunza. Alikuwa msahaulifu, mwenye shaka na kila mtu, na alipoulizwa jina la mumewe alijibu kwa jina lake mwenyewe. Daktari aliandika maneno yake yote kwa subira. Mama yule alipokufa mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona mambo mawili: madonge yaliyoganda baina ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokoteka ndani ya chembe zenyewe. Akatoa habari hizo mbele ya madaktari wenziwe katika mji wa Tübingen mwezi wa Novemba mwaka ule ule, na mwaka 1910 mkubwa wake, Emil Kraepelin, akayaita maradhi kwa jina lake katika kitabu chake cha tiba.

Leo yajulikana kuwa madonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Huanza kujikusanya miaka mingi kabla ya mgonjwa kusahau neno la kwanza. Katika sehemu zinazoharibika mapema kuna sehemu ndogo ya ubongo ambayo jina lake la Kiyunani maana yake ni farasi wa baharini, kwa umbo lake, nayo ndiyo mlango wa kuingizia habari mpya. Mlango huo ukiharibika, la leo halipati pa kuingilia, na la zamani lililokwisha kuwekwa ndani hubaki kwa muda mrefu. Ndiyo maana mzee hajui kama amekula chakula cha mchana, naye akumbuka rangi ya tanga la jahazi alilopanda akiwa na miaka saba.

Tena si watu wachache. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kuwa mwaka 2021 walikuwako watu milioni 57 duniani wenye upungufu wa akili wa namna hii, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Katika kila wagonjwa kumi, sita au saba ugonjwa wao ni huu wa Alzheimer. Waliosalia ni wa sababu nyingine, kama mishipa ya damu ya ubongo kuziba. Kwa hivyo asidhani mtu kuwa nyumba yake imelaaniwa peke yake.

Wala jambo lenyewe si geni katika dini. Kurani Tukufu, katika Sura ya Nahli na katika Sura ya Haji, imekwisha kutueleza kuwa wako miongoni mwetu watakaorudishwa katika umri ulio dhalili kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Na Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyopokea Bukhari, alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Lau ingalikuwa ni adhabu ya wabaya peke yao, yeye aliye mtakatifu asingalikuwa na haja ya kujikinga nao.

Nije kwa suala la mganga. Shangazi alikuwa kama yule mama aliyeulizwa: mchana mtulivu, na jua likipunga huanza kuhangaika, aende mlangoni, arudi, alie, aseme, "Nipeleke kwetu, kumekucha." Jamaa wakasema ni shetani, kwa sababu Maghribi ndiyo saa yao. Ni kweli kuwa imepokewa hadithi sahihi ya kuwaingiza watoto ndani wakati wa kuchwa kwa jua kwa sababu mashetani hutapakaa, hayo twayaamini. Lakini ni wapi katika hadithi hiyo paliposemwa kuwa kila mzee ahangaikaye wakati huo amepagawa? Madaktari wa Ulaya, ambao majirani zao hawajui pepo wa kipwani wala wa kibara, wameandika hali hii hii kwa wagonjwa wao saa hii hii. Sababu wanazozitaja ni kuwa ubongo ulioharibika hupoteza saa yake ya ndani ya usiku na mchana, mwili umechoka kwa kazi ya kutwa ya kutafuta maana ya mambo, na mwanga unapopungua vivuli huwa vingi na sura za watu hazitambulikani.

Pamoja na haya, mwishoni mwa mwaka ule wa 2016 baadhi ya jamaa walimchukua nje ya mji, wakampungia pepo usiku kucha kwa ngoma na mafusho, wakatoa mbuzi mweusi na shilingi elfu arubaini. Mimi nalijua, nikanyamaza kwa kuchelea fitina ya ukoo, nami ndimi niliyekuwa nikiyapinga mambo hayo juu ya mimbari! Alirudishwa ana homa, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, na wiki nzima hakuweza kusikia hata mlango ukigongwa ila hutetemeka. Basi ewe uliyeuliza, usimpeleke mamako huko. Msomee Kurani, kwani kumsomea mgonjwa ni jambo jema nalo halikuzuii kwenda hospitali, na Mtume ametuamrisha kujitibu.

Hospitali yenyewe ina faida ambayo wengi hawaijui. Si kila asahauye ana maradhi ya Alzheimer. Kuna tezi ya shingo ikilegea, kuna upungufu wa vitamini B12, kuna huzuni nzito baada ya kufiwa, kuna dawa za maradhi mengine zinazovuruga akili, na kuna uchafu katika njia ya mkojo ambao kwa mzee waweza kumfanya aweweseke kwa siku mbili tu hali jana alikuwa mzima. Haya yote yana tiba. Yule anayemwacha mzazi wake aharibikiwe kwa jambo linalotibika, kwa kuwa amekwisha amua kuwa ni pepo, atajibu nini atakapoulizwa? Shangazi alipimwa mwaka 2017, damu na kichwa, na hayo yote hayakuonekana. Ndipo tulipoambiwa jina la ugonjwa wake. Alipewa vidonge viitwavyo donepezili, navyo huwapunguzia baadhi ya wagonjwa makali kwa muda, lakini dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana. Kuna yafaayo kabla ya kuugua: wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14, kama shinikizo la damu, sukari, tumbaku, uziwi usiotibiwa na upweke, wakasema kuwa karibu nusu ya watu wangaliepushwa au kucheleweshewa ugonjwa lau hayo yangalizuiwa. Wapenda halua na sigara katika mabaraza yetu wayasikie haya.

Jioni za nyumbani kwetu zilipata nafuu kwa mambo madogo sana. Tulikuwa tukiwasha taa zote nusu saa kabla ya jua kutua, tukafunga madirisha ya upande wa vivuli, akapewa chai ya tangawizi, na mjukuu mmoja akaketi miguuni pake na msahafu kumsomea. Hangaiko halikuondoka lote, lakini kelele zilikoma.

Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau maadamu nina akili zangu. Mwaka 2019 alikuwa hanijui tena kwa jina. Kiunguja na Kimvita vilikuwa vimemtoka kinywani, akarudi katika Kiamu kitupu cha utoto wake: njia ni "ndia," moja ni "moya," macho ni "mato." Wajukuu waliozaliwa Mombasa walikuwa hawamfahamu, nikawa mimi mkalimani. Jioni moja nalisoma mbele yake Sura ya Abasa huku nimechoka, nikaruka aya. Alikuwa ameinamisha kichwa, nikidhani amelala. Akainua mkono, akanirudisha, akaisoma ile aya niliyoiruka, akaendelea hata mwisho wa sura pasi na kosa, kisha akanipapasa shavu kama alivyokuwa akiwapapasa watoto wa chuo, akaniuliza: "Ushakula?" Madaktari hueleza kuwa yale yaliyohifadhiwa utotoni na kukaririwa miaka mingi hukaa mbali na mahali palipoharibika kwanza. Nami nayakubali maelezo hayo. Lakini nalitoka nje nikalia.

Neno lile "Ushakula?" ndilo lililobaki baada ya majina kwisha. Alimwuliza daktari, alimwuliza muuguzi, alimwuliza mwizi mmoja, wallahi, aliyeingia uani alfajiri akidhani nyumba haina mtu. Wakwe zangu ndio waliomkuta mtu yule ameketi jikoni ana kikombe cha chai mkononi, hajui akimbie au amalize. Basi asiseme mtu kuwa mgonjwa wa namna hii "hayupo tena." Ilmu imemtoka, na tabia njema imebaki.

Nalisema nitaeleza sababu ya kujikunja kwake baada ya kukaripiwa. Katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 2014, wachunguzi waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer picha za sinema za kuhuzunisha, kisha za kufurahisha. Baada ya dakika chache sehemu kubwa ya waliyoyaona ilikuwa imewatoka katika kumbukumbu, lakini huzuni ilikuwa ingaliko nyoyoni mwao, na furaha vile vile. Jambo lasahauliwa, na maumivu yake yabaki bila jina, na mgonjwa hajui kwa nini moyo wake mzito. Kwa hivyo yule asemaye, "Mkaripie tu, atasahau sasa hivi," amekosea. Na Mola wetu katika Sura ya Israi alipotukataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoka nao, ametaja hasa wakati wanapofikia uzee wakiwa kwetu, wakati ambao ulimi ni mwepesi wa kuponyoka.

Sasa hukumu, kwa madhehebu ya Imamu Shafii.

Ama sala, maadamu mzee angali anapambanua, anajua kuwa hii ni sala na huyu ni Mola wake, sala ni wajibu juu yake, na njia nyepesi ni kumsalisha jamaa: wewe ukawa imamu naye akakufuata, hapo shaka ya hesabu ya rakaa imeondoka. Ndivyo tulivyofanya kwa shangazi miaka mitatu, kwani mimi ni mtoto wa nduguye. Akitaka kurudia baada ya hapo, usigombane naye. Keti karibu, mpe tasbihi. Akili ikimtoka kabisa, kalamu imeondolewa kwake, kama ilivyokuja katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kwamba ya mwendawazimu imeinuliwa mpaka arudiwe na akili. Hana sala wala hana kulipa. Ikimrudia kwa muda katika wakati wa sala, sala hiyo humlazimu.

Ama saumu, wengi huchanganya. Mzee mwenye akili ambaye mwili umeshindwa hutoa mudi moja ya chakula kwa kila siku. Aliyetokwa na akili hana saumu wala hana fidia. Nawajua watu waliomnyima maji mgonjwa wao mchana wa Ramadhani "asile saumu yake". Huo ni ujinga na dhulma. Ama zaka, mali yake haijatokwa na akili: ikifika kiwango, msimamizi wake huitoa katika mali hiyo hiyo.

Ama talaka, mzee aliyetokwa na akili akimwachia mke wa miaka arubaini kwa kudhani ni mwanamke mgeni aliyeingia chumbani, talaka hiyo haiswihi. Mama asitoke nyumbani kwake, wala jamaa wa mume wasiifanye kuwa fursa.

Jambo moja lilinisumbua kuliko haya yote, nalo ni ukweli na uwongo. Shangazi alikuwa akimwuliza mamake yuko wapi. Siku ya kwanza nalimjibu kweli: amekufa, miaka mingi. Akapiga ukemi, akaomboleza kama habari ndiyo kwanza imfikie, maana kwake ndiyo kwanza. Kesho yake akauliza tena. Je, tumfishe mtu mamake kila siku? Na je, tuseme uwongo? Wanavyuoni wametufungulia mlango wa maneno yenye njia mbili, ambayo msemaji hasemi uwongo wala hamuumizi msikizaji. Akiuliza, "Mama yuko wapi?" nasi twamwambia, "Yuko kwa Mola wetu mwenye rehema, nasi sote tuko kwake. Hebu nieleze, alikuwa akipika nini siku ya Idi?" Naye hueleza, na uso wake hung'aa, na swali limepita. Hatukusema ila kweli.

Ama kazi ya kumtunza, tazameni nani aifanyayo katika nyumba zetu. Shangazi alikuwa na wana wa kiume watatu na mabinti wawili, pamoja nami. Kwa miaka minne aliyemwogesha, kumlisha na kukesha naye alikuwa binti mmoja, aliyeachwa na mumewe, na sisi wanaume tulikuja Ijumaa kuubusu mkono wa mama na kusifiwa kwa kuwa wana wema. Binti yule siku moja alinijia nyumbani, akaniambia, "Kaka, nilimpiga leo," kisha akakaa kimya. Hakuwa muovu, alikuwa hajalala usiku wa tatu huo. Baada ya siku ile tuligawa zamu, kila mmoja siku yake na usiku wake, hata sisi wenye vilemba, na tulimshonea shangazi namba ya simu ndani ya nguo zake, na mlango tukautia kengele badala ya kufuli. Alipokuwa na watu wa kumtazama, hakukuwa na haja ya kumfungia.

Alifariki mwezi wa Shaabani mwaka 1443, yaani Machi 2022. Miezi yake ya mwisho hakusema kitu, wala hakumeza ila kwa kijiko. Siku ya khitima uwanja ulijaa, na nalihesabu kwa macho yangu zaidi ya watu sitini waliokuja kula pilau ambao sikuwaona hata mmoja wao mlangoni kwa miaka mitano. Sitasema zaidi, ila lau nusu yao kila mmoja angalikaa naye saa moja alipokuwa hai, binti yule angalilala.

Na wale wauliza kama ibada zake za miaka ile tisa zimepotea bure: amepokea Bukhari kuwa mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Yeye alikuwa akisomesha Juzuu Amma asubuhi na jioni, na kulisha watu.

Imebaki hati ya dole gumba. Ewe kijana, hati hiyo ni batili. Mwenye kutokwa na akili kuuza kwake si kuuza, na kutoa kwake si kutoa, hata akicheka wakati wa kuitia dole na kusema "chukueni wanangu." Wala mtoto hana madaraka juu ya mali ya mzazi wake kwa kuwa ni mtoto tu: kwa madhehebu yetu usimamizi ni wa baba, kisha babu, kisha aliyewekwa nao kwa wasia, na wasipokuwako ni wa Kadhi, na Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya nayo imeweka njia ya mahakama kumteua msimamizi. Hati kama hiyo ililetwa hata mbele ya shangazi, na nani aliyeileta haitakikani kutajwa hapa kwa kuwa ametubia na kuichana. Nenda wewe kwa mjomba wako kabla hajaipeleka kusajiliwa, uende na mzee mmoja wa mtaa, umwambie kwa upole.

Suala la wasia ulioandikwa mwanzo wa maradhi, wakati mgonjwa siku moja ajua na siku moja hajui, lina maelezo marefu, nasi tutalisoma katika darasa la Jumatano ijayo, inshallah. Wallahu aalam.